Omera, nisubiri!

Swali la wiki: kwa nini michezo ya video ya zamani ya kukimbia na kufyatua risasi bado inawavuta watu, ilhali siku hizi kuna michezo yenye picha kama sinema?

Mimi najua mchezo wa Contra, basi nitajibu kwa huo. Kampuni ya Konami ya Japani iliutoa mwaka 1987 kwenye zile mashine za kutumbukiza sarafu, na mwaka uliofuata ukaingia kwenye mashine ya nyumbani ya Nintendo. Sisi watoto wa Manyatta, Kisumu, hatukuona hata moja kati ya hizo mbili. Yetu ilikuwa mashine feki kwenye kibanda cha jirani, na kaseti iliyojigamba kuwa na michezo 9999 (ukihesabu ni kama ishirini, mingine yote ni marudio). Shilingi tano, unacheza mpaka ufe.

Mpaka ufe: utamu uko hapo. Risasi moja tu, umekwenda. Una laifu tatu, yaani nafasi tatu za kufa, hakuna kujitibu wala kuhifadhi ulipofikia, na stima ikipotea mnaanza upya. Mashine za sarafu ziliundwa ngumu makusudi ili zimeze pesa, lakini ugumu wa Contra hauna hila. Adui hujificha palepale alipokuwa jana, na risasi yake unaiona ikija. Ukifa unajua kosa ni lako, na mwenye shilingi tano moja kwa wiki hashikwi na kosa moja mara mbili. Halafu kuna ile bunduki ya herufi S, inayotawanya risasi kama mtu anayewarushia kuku mahindi. Ukifa, nayo imekwenda.

Kuna msimbo, yaani vitufe vya kubonyeza kwa mpangilio wa siri: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Unapewa laifu 30. Kazuhisa Hashimoto, mtengeneza michezo wa Konami, ndiye aliyeubuni, kwa ajili ya mchezo mwingine wao, Gradius ya 1986, kwa sababu mchezo ulikuwa unamshinda mwenyewe. Jirani alipougundua aliupiga marufuku, maana mtoto wa shilingi tano alikuwa hatoki kitini. Nami namuunga mkono, japo kwa sababu nyingine: ukiwa na laifu 30 huogopi kitu, na usipoogopa unabaki unabonyeza vitufe tu.

Lakini raha kubwa ni kucheza wawili. Hatua ya tatu ni maporomoko ya maji, mnapanda mkiruka. Skrini humfuata aliye juu. Wa chini akiachwa na ukingo, amekufa. Hapo ndipo nilipomjua binamu yangu. Nilipiga kelele, “Omera (ndugu yangu, kwa Kijaluo), nisubiri!” naye huyoo, juu. Na akiishiwa laifu, anabonyeza A na kuchukua yangu bila hata kuomba.

Siku hizi anaishi Nakuru. Desemba iliyopita alikuja na mchezo huohuo kwenye simu, tukauunganisha na televisheni ya mama. Tulipofika kwenye maporomoko akasimama, nikadhani utu uzima umemfundisha. Kumbe alikuwa anangoja bunduki idondoke.