Maswali ya Wasomaji: Sinagogi lililogeuzwa ghala

Wahariri, salaam. Naishi kijijini Unterfranken, Ujerumani. Chama chetu cha wanakijiji kimekabidhiwa jengo lililokuwa sinagogi hadi 1938, baadaye likawa ghala la mkulima. Darini kumejaa vumbi, majani makavu na makaratasi. Jumamosi ijayo watakuja watu ishirini na kontena la taka. Tuanze na nini? – M.S.

Ndugu M.S., anzeni kwa kuahirisha hiyo Jumamosi. Huenda uchafu wa darini una thamani kuliko kuta zote nne. Wayahudi hawatupi maandishi yenye jina la Mungu yakichakaa. Huyazika au huyatenga, na katika vijiji vya Franken, eneo lenu pana, yalitengwa juu ya dari, katikati ya boriti. Hifadhi hiyo huitwa geniza. Humo hutoka vitabu vya sala, kalenda, barua za biashara, vitambaa vya kufungia gombo la Torati, hata viatu. Veitshöchheim, karibu na Würzburg, geniza ilionekana 1986 wakati wa ukarabati wa sinagogi la 1730. Chini ya sakafu yake yakapatikana pia vipande vya mawe vya jukwaa la kusomea Torati na vya kabati lake, vilivyolala kama kifusi, navyo ndivyo vilivyowezesha kulirudishia jengo sura yake ya ndani.

Kabla hamjagusa kitu, nendeni Landratsamt, yaani makao ya utawala wa wilaya, kwenye ofisi ya ulinzi wa majengo ya kihistoria, kwa sababu jengo lililosajiliwa haliguswi bila kibali. Ofisi hiyo itawaunganisha na wataalamu wa mkoa. Pigieni pia makumbusho ya Kiyahudi ya Veitshöchheim, wenye mradi wa kuchambua geniza, na jumuiya ya Wayahudi ya Würzburg. Hao wa mwisho ndio wa kusema kipi kizikwe baada ya kuorodheshwa.

Darini wapande watu wanne, si ishirini. Gaweni sakafu kwa kamba, miraba ya mita moja kwa moja, kila mraba na namba yake na boksi lake la karatasi isiyo na asidi. Pigeni picha ya kila tabaka, rula ikiwa pembeni, kisha ondoeni kwa mkono na brashi laini. Chepe na mashine ya kufyonza vumbi zibaki chini. Karatasi iliyokunjika msiikunjue, itakatika kwenye mikunjo, wala msibandike utepe wa gundi popote. Iliyolowa ifungwe kwenye mfuko na iingie friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri ndani ya saa 48, kabla ukungu haujaiwahi. Vaeni barakoa za FFP3, zinazochuja vumbi laini, na glavu, kwani kinyesi cha panya hubeba virusi vya hanta, navyo Unterfranken vipo.

Wale kumi na sita waliobaki wasafishe mifereji ya paa. Kazi hiyo haina madhara na inahitajika sana, kama mtakavyoona hapa chini.

Kuta zina unyevu hadi usawa wa kiuno, na lipu ya saruji inabanduka ikiacha unga mweupe. Tupige saruji mpya yenye dawa ya kuzuia maji? – M.S. huyohuyo

Hapana. Ukuta wa mawe na udongo hukauka kwa kupumua. Saruji huziba njia hiyo, maji yanapanda juu zaidi, na chumvi inayoganda nyuma ya lipu inalimega jiwe. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaujua vizuri ugonjwa huu.

Kwanza kateni chanzo cha maji. Rekebisheni mifereji, kisha punguzeni udongo wa nje uliorundikana kwa miaka mingi hadi uwe sentimita 20 chini ya sakafu ya ndani. Chimbeni kwa vipande vifupi na msifike chini ya msingi. Saruji bandueni kwa tindo na nyundo, hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Nyundo ya umeme hutikisa mawe yakaachana.

Mnapobandua, macho yawe kazini. Kwenye ukuta wa nje huenda kuna jiwe la harusi, lenye nyota na herufi za Kiebrania, ambapo bwana harusi alivunjia glasi. Mwimo wa kulia wa mlango unaweza kuwa na tundu jembamba lililoinama la kuwekea mezuza, kijaluba chenye maandiko ya Torati. Ndani, fungueni kwanza kidirisha cha sentimita tano kwa tano mwone kama kuna michoro chini ya chokaa.

Halafu subirini. Kwa makadirio ya mafundi, ukuta hukauka sentimita 2.5 kwa mwezi, hivyo wa sentimita 60, ukikauka pande zote mbili, utachukua karibu mwaka. Msilazimishe kwa hita. Lipu mpya iwe chokaa moja kwa mchanga tatu, kwa ujazo, tabaka lisizidi milimita 12, linyunyiziwe maji siku kadhaa. Msipake chini ya nyuzi 5, na theluji za mapema zisiikute bado mbichi.

Mlango mpana wa trekta uliovunjwa ukutani tuuzibe, na shimo lenye ngazi na maji chini ya jengo tulijaze? – M.S.

Mlango uacheni, ikiwezekana muuwekee kioo. Ukizibwa vizuri mno, mgeni ataona chumba kizuri cha sala na hatajua yaliyolikuta jengo baada ya 1938.

Shimo lenye ngazi huenda ni mikve, bwawa la kujitakasa, linalolishwa na maji ya ardhini. Msilijaze wala msilikaushe kwa pampu kwa mara moja, kwa kuwa maji yakishuka ghafla udongo wa nje husukuma kuta ndani. Pimeni kina kila mwezi kwa mwaka mzima, na sasa hivi wekeni wavu wa chuma wenye kufuli juu yake.