Paa kwanza, rangi baadaye

Unauliza wakazi waanzie wapi kuufufua mtaa wao wa kale na fedha ni kidogo. Paa na gata kwanza, rangi ingoje. Kabla ya kumwita fundi, piteni nyumba kwa nyumba mkiandika mmiliki nani, mpangaji nani, wapi panavuja. Nyumba yenye warithi kumi bila msimamizi wa mirathi hukwamisha kazi kuliko hata uhaba wa fedha. Kuta za mawe na chokaa msizipige lipu ya saruji: unyevu hunaswa ndani, chumvi hutokeza, lipu hubanduka mapande mapande. Changanyeni lipu ya chokaa 1 kwa mchanga 3, na ikishapigwa ukutani inyunyizieni maji siku kadhaa isikauke upesi. Na kodi ya wapangaji iandikwe mkatabani kabla ya ukarabati, la sivyo itapandishwa, wapangaji watahama, nanyi mtakuwa mmewatengenezea wageni.