Plasta imetoka, kiwiko hakinyooki

SWALI: Habari daktari. Mimi nakaanga chapati na rolex (chapati iliyoviringwa na mayai) hapa Jinja, Uganda. Nilianguka na boda nikavunjika karibu na kiwiko, nimekaa na plasta wiki 6. Eksirei inaonyesha mfupa umeshika lakini mkono haunyooki, kula natumia wa kushoto, na umekonda kuliko mwenzake. Mama anataka tuende kwa mzee anayekanda na mafuta ya moto na kuuvuta kwa nguvu, anasema ndo dawa. Niende?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Mama namwelewa, anataka mwanawe arudi kwenye sigiri, ila tafadhali sana kiwiko kisivutwe. Ule msuli wa mbele ya kiwiko ukivutwa kwa nguvu unachanika ndani, damu inavia, na pale ilipovia mwili unaweza kuotesha mfupa katikati ya nyama, na huo ukishakomaa hakuna mafuta ya kuuyeyusha, wengine wanaishia kupasuliwa.

Huo ugumu ni utando wa kiungo umekaza sababu haukusogea wiki 6, na msuli usiotumika lazima ukonde. Anayetakiwa kuusogeza ni wewe mwenyewe. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 10, kunja polepole mpaka panapobana, hesabu hadi 5, halafu nyoosha hivyo hivyo. Mara 10, asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Kisha bana kiwiko kwenye mbavu, shika mwiko, geuza kiganja kiangalie juu halafu chini, hili wengi wanalisahau na baadaye wanashindwa hata kugeuza chapati. Omba donge dogo la ngano iliyokandwa, uwe unaliminya. Kukanda beseni zima bado, na jerikeni la maji abebe mwingine.

Maumivu ya kubanwa yakiisha baada ya muda mfupi hayana shida, ila kikivimba au kikauma mpaka kesho yake umezidisha, punguza. Nenda na eksirei yako fiziotherapia (wanaotibu kwa mazoezi ya viungo) kwenye hospitali ya rufaa hapo hapo Jinja wakipime kiwiko. Ukisikia ganzi kidole cha mwisho na cha pete usingoje, kuna neva, yaani mshipa wa fahamu, inapita nyuma ya kiwiko.

Itachukua miezi, na pengine kile kipande cha mwisho cha kunyooka kisirudi. Hata zikibaki nyuzi (digrii) 30 kabla ya kunyooka kabisa, kazi za mkono karibu zote utazifanya.