Nagona imenishinda, na sasa sisomi kitu

SWALI: Shikamoo anti. Mi zamani nilikuwa msomaji kwelikweli, Rosa Mistika niliimaliza usiku mmoja mama anagomba nizime taa. Juzi nikaazima Nagona ya Kezilahabi huyohuyo, kitabu chembamba nikajua wikiendi tu kimeisha, wapi! Nimekwama mwanzoni, sijui nani anaongea wala wapo wapi. Tangu hapo kila nikitaka kusoma kingine najiambia ngoja nimalize hiki kwanza, naishia kwenye simu mpaka usingizi unanichukua. Au akili imezeeka?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Akili ipo, ila jina la mwandishi limekuponza. Rosa Mistika ya 1971 ni hadithi yenye kichwa na miguu, Zakaria anampiga bintiye kisa barua ya mvulana na we unataka kujua itakuwaje. Nagona imetoka 1990, na huko Kezilahabi aliuacha usimulizi wa namna hiyo makusudi kabisa, msimulizi anasafiri kama yuko ndotoni, mara wanafalsafa wa Ulaya hao, sasa ukikaa unasubiri "halafu ikawaje" utasubiri sana. Hata wahadhiri wanaibishania mpaka leo.

Jamaa alikuwa mshairi pia, Kichomi yake ya 1974 ndo iliyochochea ule ugomvi wa mashairi yasiyo na vina wala mizani. Basi na Nagona isome hivyohivyo kama shairi, kurasa mbili tatu, kwa sauti ikibidi, halafu funga. Usichoelewa kipite.

Ila hiyo "ngoja nimalize hiki kwanza" ndo inayokumaliza wewe. Kwani kitabu dozi ya malaria, lazima uimalize? Kirudishe kwa mwenyewe (vitabu vya kuazima vishavunja urafiki wa watu wengi, nawajua), utakiazima tena ukikitamani. Saa hizi tafuta kitu cha kukukamata, mfano Kuli ya Shafi Adam Shafi, mambo ya wabeba mizigo wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948, hiyo hata ukiwa umechoka inakwenda. Simu ichajie sebuleni.

Na mtu akikuletea Mzingile ya Kezilahabi huyohuyo, ya 1991, mwambie asante, bado. Ile na Nagona ni mtu na ndugu yake.