Mama Maktaba Anajibu: Andika Pia Élisabethville

SWALI: Mama Maktaba, jambo sana. Mimi ni mtumishi wa Serikali, niko divisheni ya mazingira hapa Lubumbashi. Mwezi uliopita tulipelekwa siku tatu kwenye mafunzo ya kutafuta makala za utafiti kwenye intaneti. Nikatoka na cheti na neno la siri. Sasa shefu ananidai noti ya kurasa nne juu ya mboga zinazolimwa karibu na mabaki ya madini: lengalenga ile (mchicha) inalika au hailiki? Niliandika “pollution Haut-Katanga légumes”, nikapata makala mbili, na moja haihusiani kabisa. Nilipofuta “légumes” zikaja nyingi hata sijui nianzie wapi. Mafunzo yalikuwa ya bure, au ni mimi sikuelewa? (Baba wa Kampemba)

JIBU: Baba, jambo sana. Ulielewa vizuri. Ulichofundishwa ni vitufe, na vitufe ndivyo sehemu rahisi. Mimi mwenyewe nimeendesha mafunzo ya namna hiyo: watu kumi na tisa, kompyuta sita, umeme ukienda saa tano tunabaki kuchora skrini ubaoni kwa chaki. Siku mbili zinaishia kwenye kufungua akaunti na kutafuta nani kasahau neno la siri. Suala la maneno gani uandike tunaliacha alasiri ya mwisho, wakati watu wameshaanza kuulizia pesa ya transpo. Kosa hilo ni letu sisi wa maktaba.

Kilichokuangusha ni “Haut-Katanga”. Tazama karatasi za kuzaliwa za nyumbani kwetu Kamalondo. Ya marehemu baba, 1944: Élisabethville, Kongo ya Wabelgiji. Yangu, 1973: Lubumbashi, Shaba, Zaire. Ya mtoto wangu wa kwanza, 1999: Lubumbashi, Katanga. Ya mjukuu, 2021: Lubumbashi, Haut-Katanga. Lupango, yaani kiwanja, ni ule ule, mwembe ni ule ule, na hakuna aliyehama hata avenyu moja.

Wewe na mimi tunajua kwamba hapo ni mahali pamoja. Hifadhidata haijui. Hiyo ni ghala la makala linalolinganisha herufi ulizoandika na herufi zilizomo, basi. Mji uliacha kuitwa Élisabethville mwaka 1966. Likasi, kama unaitaka pia, ilikuwa Jadotville. Jina la Shaba likafa pamoja na Zaire mwaka 1997, na mwaka 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne, ndipo tukawa mkoa wa Haut-Katanga. Kuna utafiti mmoja unaokuhusu sana, ulitoka mwaka 2009 katika jarida la Environmental Research: watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima kobalti na metali nyingine katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya huku. Kichwa cha makala ile kinasema Katanga tu. Ukitafuta katika vichwa vya makala kwa “Haut-Katanga”, utapita mlangoni pake bila kuiona.

Kwa hiyo fungua ukurasa wa utafutaji wa kina, ule wenye visanduku vilivyopangwa juu na chini. Kisanduku cha kwanza jaza mahali: Lubumbashi OR Elisabethville OR Katanga OR Shaba OR Likasi. Cha pili madini, kwa Kiingereza na Kifaransa: copper OR cuivre OR cobalt OR cadmium. Cha tatu kinacholiwa: vegetables OR légumes OR amaranth OR amarante. Kati ya kisanduku na kisanduku acha AND. OR ni “au”, inapanua wavu. AND ni “pamoja na”, inaukaza. Ziandike kwa herufi kubwa, kwa sababu ghala kama PubMed halizitambui zikiwa ndogo. Neno “pollution” litupe, kila mtu analiandika.

Lakini Shaba nayo ina mtego. Ukiiandika peke yake utaletewa vita vilivyopiganwa mkoani huku mwaka 1977 na 1978, wanajeshi tele, mboga hakuna. Na kuna bwana mmoja katika kundi langu aliyefurahia ile nyota tuliyomfundisha, inayowekwa mwishoni mwa neno ili lije na viambishi vyake vyote. Akaandika Shaba*. Mashine ikamletea Al-Shabaab ya Somalia, ukurasa baada ya ukurasa, na yeye amekuja kutafuta habari za udongo! Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Mahali pa kuanzia kwako ni OARE, lango la mambo ya mazingira lililoanzishwa mwaka 2006 kwa msaada wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Wenzako wa afya wana Hinari tangu 2002, wa kilimo wana AGORA tangu 2003. Yote yako chini ya mwavuli mmoja, Research4Life, na taasisi za nchi yetu zinaingia bila kulipa.

Ukipata makala, usikimbilie hitimisho. Shuka kwenye sehemu ya mbinu uangalie kitu kimoja: majani waliyaosha kabla ya kuyapima, au hawakuyaosha? Vumbi lililokaa juu ya lengalenga, sehemu kubwa linaondoka kwa maji. Kile ambacho mzizi umekinywa kutoka ardhini hakiondoki, hata uoshe mara saba. Makala mbili zinaweza kutoa namba zinazopishana sana kwa sababu ya beseni la maji tu, na shefu wako akikuuliza kwa nini, utakuwa na jibu.

Tena, soma mihtasari kwanza. Pakua makala nzima baadaye, zile tano au sita unazozihitaji kweli, usije ukamaliza mega zako kwa faili ambazo hutazifungua. Na zipe jina linaloeleweka. “2009 kobalti mkojo” utalitambua hata mwaka ujao. “Download (14)” hulitambui hata kesho.

SWALI: Mpwa wangu anaandika kazi yake ya mwisho chuoni. Naweza kumpa neno la siri la ofisi yetu? (Mama wa Katuba)

JIBU: Hapana, mama. Neno lile ni la ofisi, lilitolewa kwa watumishi wake, na masharti yanakataza kulitoa nje. Niliwahi kuona ofisi moja, siitaji, ambapo kijana alilituma kwenye kundi la WhatsApp la kanisa kwa moyo mweupe kabisa. Wiki haikuisha, makala zilikuwa zinapakuliwa usiku na mchana, wachapishaji wakashtuka, mlango ukafungwa kwa wote, na mkaguzi mmoja akabaki na ripoti nusu. Mpwa aende kwanza kwenye maktaba ya chuo chake aulize kama nao wamesajiliwa. Kisha kuna maghala yasiyodai neno la siri la mtu yeyote: DOAJ, PubMed Central, na HAL ya Wafaransa. African Journals Online, ya Afrika Kusini, nayo ina makala nyingi za bure, ingawa si zote.

SWALI: Karibu kila kitu ni Kiingereza. Mimi nilisoma kwa Kifaransa. Nifanyeje? (Msomaji, Ruashi)

JIBU: Anza na majedwali. Miligramu kwa kilo haina lugha. Makala nyingi za watu wa huku zimeandikwa kwa Kifaransa au zina muhtasari wa Kifaransa, kwa hiyo tafuta kwa lugha zote mbili kama nilivyomwonyesha baba wa Kampemba hapo juu. Programu za kutafsiri zinasaidia, ila zisimamie unapofika kwenye neno “lead”. Ni ile metali tunayoiita risasi, plomb kwa Kifaransa, lakini kwa Kiingereza neno hilo hilo pia ni kuongoza. Nimeshasoma noti ya kiserikali, imepigwa muhuri na kusainiwa, inayosema kwamba udongo wa eneo fulani una “uongozi mwingi kupita kiasi”.