Ramani Kubwa Haikuniokoa: Nilichojifunza kwa Baldur's Gate II na kwa Gemu Yangu ya Pili

Wiki iliyopita kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma aliniandikia ujumbe mrefu. "Shikamoo kaka," alianza, kisha akanieleza kwamba gemu yake ya kwanza imependwa na wenzake wa bwenini, kwamba sasa anaandaa sehemu ya pili yenye mikoa 12, na kwamba anaomba nimshauri aanze kuuchora mkoa upi. Nilimjibu siku hiyohiyo kwa mistari miwili, lakini usiku sikupata usingizi, kwa sababu swali lake ndilo lililonigharimu miaka miwili na akiba yangu yote. Najua wengi mnaosoma hapa mna gemu iliyolala ndani ya kompyuta ikisubiri ndugu yake wa pili, kwa hiyo nimeona nijibu mbele yenu wote.

Nianze na gemu iliyonifundisha. Baldur's Gate, gemu ya kompyuta ambamo mchezaji huongoza kundi la wasafiri wanaopigana na kupewa kazi njiani, ilitoka mwishoni mwa 1998, ikatengenezwa na BioWare, kampuni ya mjini Edmonton, Kanada, ambayo miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo madaktari wa tiba, Ray Muzyka na Greg Zeschuk. Sehemu ya pili, Shadows of Amn, ikafuata Septemba 2000. Mimi niliikuta miaka mingi baadaye, kwenye kompyuta ya mtumba sebuleni kwa mjomba wangu, mtaa wa Majengo, nikisubiri matokeo ya kidato cha nne. Nilicheza usiku, familia ikiwa imelala, na yuniti za umeme wa LUKU zilipoisha asubuhi moja niliulizwa maswali ambayo hadi leo sijayasahau.

Aliyezicheza gemu zote mbili kwa kufuatana anaiona tofauti mapema. Ya kwanza ilikuwa na nyika pana sana: unatembea msituni, unapigana na mbwa mwitu, unafika ukingo wa ramani, unaanza nyika nyingine. Kulikuwa na wenzi wa safari 25 wa kuchagua, na wengi wao, wakishajiunga nawe, walikuwa na machache ya kusema. Katika gemu ya pili wenzi hao walipunguzwa hadi 16. Naomba msomaji atulie hapa, kwa maana hapa ndipo nilipopita mbio nilipokuwa kijana, nikaja kulipia baadaye. Watu waliokuwa wakitengeneza gemu kubwa kuliko ya awali walianza kwa kupunguza watu, kisha wale waliobaki wakawapa vinywa: wanabishana njiani, wanapendana, wanachukiana hadi kupigana, wanakuletea matatizo ya nyumbani kwao, na wengine wanakuacha wasiporidhika na mwenendo wako.

Mfano mmoja ninao moyoni. Gemu ya pili inaanza mchezaji akiwa mfungwa chini ya ardhi, katika mapango ya mchawi Jon Irenicus. Kabla hajatoka anaikuta maiti ya Khalid, mume wa Jaheira aliye mmoja wa wenzi wako; Khalid huyo katika gemu ya kwanza alitembea nawe kama mwenzi wa kawaida. Katika ulimwengu ule wafu hufufuliwa hekaluni kwa malipo, kwa hiyo mchezaji aliyezoea huona jambo dogo. Atatoa fedha, Khalid atasimama. Jaheira anakataa. Mwili umeharibiwa kupita kiasi cha kufufuliwa, na mjane yule anabaki na hasira na machozi huku safari ikiendelea. Nilikiacha kipanya, nikakaa kimya. Hakuna ramani iliyoongezwa pale, hakuna silaha mpya, ila kanuni niliyoizoea ilikuwa imegeuzwa kuwa msiba wa mtu ninayemjua.

Silaha na nguvu nazo ziliongezeka, sikatai. Kikomo cha pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika ngazi, ambacho katika gemu ya kwanza kilikuwa 89,000, kilipandishwa hadi 2,950,000, na mchawi akafikia miujiza ya ngazi za juu zaidi. Mpiganaji aliweza kushika silaha mbili, fani mpya, yaani kazi anazochaguliwa mhusika kama mpiganaji au mwizi, ziliingizwa, na fani za zamani zikagawanywa katika mikondo yenye faida na hasara zake. Haya ndiyo watu husimulia kwanza. Mimi nayaweka nyuma, kwa sababu ni rahisi kuyaiga na hayakumfaa yeyote niliyemwona akiyaiga peke yake.

Kilicho kikubwa zaidi ni namna ulimwengu ulivyoanza kumjibu mchezaji. Ukiwa mpiganaji unaweza kukabidhiwa ngome ya familia ya de'Arnise, ukaitwa kuamua mashauri ya watu wanaoishi chini yako. Ukiwa mwizi unapewa chama cha wezi bandarini mwa jiji la Athkatla, na baada ya kila siku kadhaa unatakiwa kupeleka mgawo kwa mkubwa wako. Ukiwa mwimbaji unapata jumba la maigizo, unalipia maandalizi ya mchezo wa jukwaani, unasuluhisha wasanii. Fani uliyoichagua kabla hata ya kuanza, ambayo awali ilikuwa idadi ya mapigo tu, sasa ina anwani, ina madeni, ina watu wanaokungoja.

Tena kuna lile hitaji la fedha. Rafiki yako Imoen amekamatwa, nawe unaambiwa ulete vipande 20,000 vya dhahabu ili usaidiwe kumfikia. Huna. Kwa hiyo unazunguka jijini na vijijini ukitafuta kazi, na kila kazi, hata ile isiyohusiana na Imoen, inakuwa hatua ya kumwendea. Hitaji moja lililo wazi lilifungua milango yote bila kumpotezea mchezaji sababu ya kutembea.

Sasa nieleze aibu yangu. Gemu yangu ya kwanza ilikuwa ndogo: kijana mchungaji wa Kigogo anatoka Bahi wakati wa kiangazi kutafuta maji, anapita vijiji sita, anafuatana na mpiga zeze na bibi mmoja mjuzi wa dawa. Watu waliipenda. Walinitumia ujumbe kutoka Kondoa, Mpwapwa na hata Singida. Nikavimba kichwa. Ilipofika sehemu ya pili nilitangaza vijiji 38 na wenzi 20, na kampuni moja, ambayo sitaitaja, ikaniahidi mtaji kwa sharti kwamba ramani iwe kubwa kuliko ya gemu yoyote iliyowahi kutengenezwa hapa nchini. Nilikubali kwa mikono miwili. Baada ya miezi tisa waliacha kupokea simu zangu. Nimewasamehe, lakini bado sijaelewa kwa nini mtu mzima ashindwe kusema "tumebadili mawazo."

Niliendelea kwa akiba yangu, nikachora kijiji juu ya kijiji. Siku ya majaribio nilimpa simu mtoto wa jirani yetu wa Chang'ombe, wa darasa la sita, ambaye alikuwa ameimaliza gemu ya kwanza mara tatu. Nilikaa nyuma yake nikitazama juu ya bega lake. Aliingia kijiji cha kwanza, akamgusa mzee, mzee akasema "Karibu." Aliingia cha pili, akamgusa mzee, mzee akasema "Karibu." Katika kijiji cha tano aliacha kuwagusa wazee. Katika cha saba aliweka simu juu ya mkeka, skrini ikiangalia juu, akaniambia kwa heshima kwamba anakwenda kumsaidia mama yake kuchota maji. Mwanga wa simu ukazimika wenyewe. Sitausahau ule mkeka.

Miezi iliyofuata siisimulii, haina faida kwa mtu.

Niliporudi kazini nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzoni: nilipunguza. Vijiji 38 vikawa vinane. Wenzi 20 wakawa wanne. Ukimchagua mpiga zeze, kijijini unaombwa upige kwenye sherehe, na ukikataa, habari inakutangulia hadi kijiji kinachofuata. Ukiwa mchungaji unapewa zizi, na lazima uamue nani anyweshe ng'ombe wake kwanza katika kisima cha mchangani mtoni, maji yakiwa hayatoshi wote. Kisima kile kimoja kilinichukua muda mrefu kuliko vijiji kumi vya zamani. Toleo hilo nililitoa mwezi uliopita, na nasema bila kujificha kwamba ndiyo kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya.

Kwa hiyo ndugu zangu, punguzeni. Acheni kushindana kwa ukubwa wa ramani. Chagueni machache, myape kina. Mkishayapa kina, rudini mpunguze tena. Kila chaguo la mchezaji lipate jibu, na kama huna muda wa kuliandika jibu, liondoe chaguo. Msimpe mtu asiyecheza gemu mamlaka ya kuamua ukubwa wa gemu yenu, hata akija na mtaji. Uvumilivu wa kukaa na wahusika wawili hadi waanze kusema maneno yao wenyewe ni nidhamu, nasi vijana wa fani hii tunaikwepa kwa kuchora milima.

Nawe mdogo wangu uliyeniuliza, mikoa yako 12 iweke kando kwa sasa. Wachukue wenzi wawili wa safari, waketishe chini ya mbuyu wakati wa jioni, maji yao yakiwa yamebaki nusu kibuyu, uandike wanachoambiana. Nitumie mazungumzo hayo kabla ya ramani yoyote, nami nitayasoma usiku huohuo.