Nywila ndefu haitoshi kulinda hifadhidata ya duka la mtandaoni
Ndugu, umeuliza kama nywila ndefu inatosha kulinda hifadhidata ya MySQL (programu ya kuhifadhi na kupanga data) ya duka lako la mtandaoni. Haitoshi. Kwanza zuia mlango namba 3306, ambao MySQL hupokelea mawasiliano, usifikiwe kutoka intaneti, kwani mwanzoni mwa 2017 wahalifu walifuta maelfu ya hifadhidata za MongoDB (programu nyingine ya hifadhidata) zilizoachwa wazi hivyo, kisha wakawadai wenyewe walipe kwa Bitcoin ili warudishiwe data. Programu ya duka isiingie kwa akaunti ya root, yaani ya msimamizi mwenye ruhusa zote (kosa hili, kwa maoni yangu, ndilo limezoeleka mno), bali kwa akaunti yenye ruhusa za majedwali yake tu, na maneno anayoandika mteja kwenye kisanduku cha kutafutia yasiunganishwe moja kwa moja na amri ya SQL (lugha ya kuiagiza hifadhidata), kwani mhalifu anaweza kupenyeza amri zake humo. Nakala rudufu zihifadhiwe nje ya seva hiyo.